Cheti tunacho, pula iko wapi?

Wandugu, safari hii hatuandiki juu ya ndoto wala juu ya amani. Tunaandika juu ya chuma. Wewe ambaye gereji unaipita tu ukienda sokoni, vumilia kidogo, maana jambo hili linakuhusu kuliko unavyofikiri. Ni juu ya unga wako, ni juu ya boda inayokupeleka kituo cha afya usiku, na ni juu ya vijana waliopigiwa makofi siku ya vyeti halafu wiki iliyofuata wakakaa nyumbani.

Msimamo wetu tuuseme mapema ili mtu asitutafutie maneno. Vijana wa ufundi hapa Nakivale wanapewa masanduku ya vifaa ambayo ndani yake hakuna kifaa kinachofanya kazi yenyewe iwezekane. Sisi tunaona afadhali pula nne nzuri za kuazimana zoni nzima kuliko masanduku arobaini ya spana zinazofanana. Kama hukubali, soma kwanza hadi mwisho, halafu utupinge.

Tumefungua masanduku hayo, si moja wala mawili. Ndani kuna spana za mdomo na za pete, kuanzia namba 8 hadi 24. Kuna bisibisi mbili au tatu, koleo, soketi na mpini wake, nyundo, na wakati mwingine msumeno wa chuma. Ni vitu vizuri, hatuvidharau. Mtu aliyekaa miaka mingi bila hata spana moja ya kwake akipewa sanduku jekundu lenye kufuli, anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Ila siku injini ya kwanza inapokuja na tatizo la maana, sanduku linafunguliwa, vitu vinatazamwa kimoja kimoja, na kinachobaki mkononi mwisho wa yote ni nyundo.

Tueleze kidogo kwa wasiojua. Kranki ni ule mhimili ndani ya injini unaochukua kwenda na kurudi kwa pistoni na kukufanya mzunguko. Ncha zake hutokea nje, na huko nje ndiko hufungwa kitu cha kupokea nguvu au kuusawazisha mwendo: kwenye mashini ya kusaga ni flaiwili, lile gurudumu zito, kwenye gari ni puli ya mikanda, kwenye pikipiki ni sumaku ya kutengeneza umeme. Kila kimoja kina kitovu chake katikati, mafundi wanasema habu, na hiyo habu imebana juu ya kranki kweli kweli. Usidhani ni nati peke yake inayoishika. Kwenye injini nyingi ndogo ncha ya kranki imechongwa kwa tepa, yaani inakuwa nyembamba kidogo kidogo kuelekea nje kama karoti, na tundu la habu limechongwa kwa umbo lile lile. Ukikaza nati, vyuma viwili vinaumana. Miaka ikipita, moto na kutu vikiingia, vinakuwa kama mtu na ndugu yake wa tumbo moja. Ukifungua nati vinabaki vimeshikana vile vile, havikujali.

Na kwa nini mtu atake kuvitenganisha? Mara nyingi ni kwa ajili ya kipande cha raba. Nyuma ya flaiwili kuna oili sili, pete ya raba inayozuia oili isitoke pale kranki inapopita. Sili ikichoka, oili inatiririka, injini inakunywa oili kuliko dizeli, vumbi la unga linagandamana na oili, na mama mwenye mashini anaanza kuweka kopo chini. Sili yenyewe ni kitu cha bei ndogo kabisa. Kuitoa ya zamani na kuingiza mpya ni kazi ya muda mfupi. Lakini huwezi kuifikia bila kutoa flaiwili, na flaiwili haitoki bila pula. Kazi yote iko hapo.

Hapa jina nalo linatuchanganya, tulicheke kidogo. Puli ni kile kinachozungusha mkanda. Pula ni kifaa cha kung'olea. Mwalimu anasema "leta pula ya puli," mwanafunzi aliyefika juzi kutoka Fizi anabaki anaangalia. Wale waliojifunzia kazi Bukavu na Uvira hawasemi pula, wanasema arashi, kutoka Kifaransa cha gereji, kama vile spana kwao ni kle na nyundo ni marto. Tuna kijana kwenye kikundi chetu aliyeambiwa na mwalimu kwamba hajui vifaa, kumbe anavijua vyote, ila kwa majina mengine. Siku nyingine tutaandika juu ya hilo peke yake.

Pula ya flaiwili haina siri. Chukua injini za Kichina za silinda moja zinazolala chali, zile zinazoendesha mashini za kusaga na pampu kila mahali. Inayojulikana sana ni S195, yenye nguvu ya farasi 12 kwa mizunguko 2000 kwa dakika. Kwenye habu ya flaiwili yake kuna matundu yenye meno ndani. Unafungua kwanza ile washa ya kufuli iliyokunjwa juu ya nati, unalegeza nati kubwa kwa spana yake nene, lakini huitoi: unaiacha imeshika meno machache kwenye ncha, ili flaiwili ikiruka isikuangukie miguuni. Halafu unaweka bamba la chuma, unalifunga kwa bolti mbili au tatu kwenye yale matundu ya habu, kwa usawa, pande zote zivute sawa. Katikati ya bamba kuna bolti nene inayosukuma ncha ya kranki. Unaikaza. Inakuwa ngumu. Unagonga kichwa cha hiyo bolti ya katikati mara moja, si kwa hasira, unakaza tena kidogo. Ghafla unasikia "ta!" na flaiwili imeachia. Mtu akiona mara ya kwanza anadhani kuna kitu kimevunjika.

Bila pula, watu wanafanya nini? Wawili wanaingiza vyuma nyuma ya flaiwili wanakabili kama wanang'oa kisiki, wa tatu anapiga ncha ya kranki kwa nyundo. Wakati mwingine inatoka, ndiyo maana watu wanaendelea. Lakini ncha ya kranki iliyopigwa inapanuka kama uyoga, meno ya nati yanakufa, na nati hairudi tena. Flaiwili ni chuma cha kumimina, haipendi kukabiliwa upande mmoja, inapasuka. Kifuniko cha beringi kilichobeba yale makabili kinapasuka. Na pigo la nyundo haliishii pale ulipopiga, linapita ndani ya kranki hadi kwenye beringi. Sili imebadilishwa, oili imeacha kutoka, na baada ya muda injini inaanza kupiga kelele mpya ambayo hakuna anayetaka kusema imetoka wapi.

Tumeona mwisho wa hadithi ya namna hii mahali pamoja upande wa Juru. Mama mmoja mjane alikuwa na mashini aliyoinunua kwa fedha za kikundi chao cha kuweka na kukopa. Alimwita kijana mwenye cheti, kijana wa heshima, hata shikamoo yake ilikuwa ya kweli. Alikuja na sanduku lake jekundu. Jioni ya siku ile ncha ya kranki ilikuwa imeharibika kabisa. Kranki ilitolewa, ikapelekwa Mbarara kwa fundi wa kukereza chuma, ikajazwa na kuchongwa upya. Wakati huo wote wamama wa kijiji kile walibeba mahindi kichwani hadi mashini ya kijiji kingine, na rejesho la mkopo halikusubiri kranki irudi. Yule mama hakumtukana kijana. Alisema tu, "Mwanangu, mimi kuanzia leo namwita mzee asiye na cheti." Maneno hayo yalizunguka. Sasa hivi kijana akijitambulisha kwamba alisomea ufundi kwenye mradi fulani, wenye mashini wengine wanatabasamu na kuahirisha.

Munaona hasara ilipoenda? Shirika lilishaandika kwamba kijana amewezeshwa. Mama ndiye aliyelipa. Kijana naye amelipa jina lake, na hapa kambini jina likiharibika huhami mtaa ukaanza upya, mtaa ni huu huu.

Kuna watakaosema kosa ni la kijana, angekataa kazi ambayo hana kifaa chake. Ni kweli kwa nusu. Lakini tangu mwaka 2023 mgao wa chakula ulipogawanywa kwa makundi ya uhitaji, kijana mwenye nguvu na cheti ni wa kwanza kuambiwa ajitegemee. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na tunashukuru, wenzetu katika nchi nyingine hawana hiyo nafasi. Sasa mtu aliyeambiwa ajitegemee, ana kibali, ana cheti, ana sanduku, mteja amekuja na ana fedha mkononi. Mwambie akatae. Wewe ungekataa?

Mafunzo yenyewe yana tatizo jingine. Yanafundisha kutoa, na kwa kutoa wanamaanisha mwalimu akitoa, wanafunzi ishirini wakitazama. Kurudisha hakuzungumzwi. Injini ya darasani haina haja ya kuwaka kesho asubuhi kusaga mahindi ya mtu, kwa hiyo namna inavyorudishwa haimuumizi mtu yeyote. Na kurudisha habu ndiko kunakotofautisha fundi na mvunjaji.

Tuchukue gari. Puli ya mbele ya kranki kwenye magari mengi haikai kwa tepa, inaingia kwa kubana kwenye shafti iliyonyooka. Fundi wa haraka anaiweka kwenye ncha na kuipiga nyundo hadi iingie. Inaingia, ndiyo. Lakini ndani ya injini kuna washa nyembamba zinazozuia kranki isicheze mbele na nyuma, na ndizo zinazopokea kila pigo. Njia nyingine ya haraka ni kutumia bolti yenyewe ya puli kuivuta. Bolti hiyo mara nyingi ni fupi kwa kazi hiyo: mwanzoni inashika meno mawili matatu tu, na ukiikaza kwa nguvu unayang'oa meno ya ndani ya kranki, na hapo umepata tatizo kubwa kuliko lile ulilokuja nalo. Kinachotakiwa ni fimbo ndefu yenye meno sawa na ya kranki, unaiingiza kwa mkono hadi ishike vizuri, unavaa puli, unaweka washa nene au beringi ndogo, halafu nati. Unakaza nati, puli inaingia polepole bila pigo hata moja. Ikifika mwisho, unatoa fimbo, unarudisha bolti yake na kuikaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo, si kwa kipimo cha hasira.

Kwenye tepa ni tofauti. Hapo hakuna kuvuta kwa fimbo, nati yake inatosha. Kazi ni usafi. Unafuta ncha ya kranki na tundu la habu hadi vikauke, hakuna oili, hakuna grisi, hakuna punje ya mchanga. Unaangalia kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji na kuzuia habu isigeuke juu ya kranki. Kama kimeliwa upande, unatupa, unatafuta kingine cha ukubwa ule ule, huchongi msumari. Kii cha msumari tumekiona, kinafanya kazi hadi siku kinapokatika, na siku hiyo flaiwili inajizungukia peke yake na kulamba kranki. Unakaza nati sana, unakunja washa ya kufuli. Kesho yake baada ya kusaga kidogo unarudi kuangalia. Huko kurudi kuangalia kesho yake ndiko kunaleta wateja, na hakuhitaji hata kifaa.

Kwenye pikipiki hatutakaa sana. Sumaku yake nayo iko kwenye tepa, ila pula yake haina bamba: ni kipande cha duara chenye meno yanayoingia kwenye meno ya habu, na bolti katikati. Shida ni kwamba kila aina ya pikipiki ina kipimo chake cha meno. Mbili zinaweza kufanana kwa macho na pula ya moja isiingie kwa nyingine. Ikiingia kwa kulazimisha mizunguko miwili tu, itang'oka na meno ya habu. Na ukipiga sumaku kwa nyundo inaweza kupasuka ndani, cheche zinapotea, boda inasukumwa kwa miguu.

Pula ya miguu mitatu, ile inayouzwa sana madukani, watu wanaiona kama dawa ya yote. Haitoshi. Kwenye puli za magari ambazo zina raba katikati, kati ya habu na duara la nje, miguu ile ikishika duara la nje unavuta raba, habu inabaki. Puli kama hiyo inavutwa kutoka kwenye matundu yake ya ndani. Ndiyo maana ukifungua kitabu cha ukarabati cha Toyota utakutana tena na tena na herufi SST na namba ndefu mbele yake. Maana yake ni kwamba hapa usitumie chochote, tumia kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hii. Wenye kiwanda wenyewe, na utajiri wao wote, hawakumwambia fundi wao akatafute namna.

Ndugu zetu wa mashirika, tunajua mnasoma hapa, wengine hata mnatupigia simu baadaye. Tunawaomba mfikirie kitu kimoja. Magari yenu yanapokwenda gereji, yanakuta pula, fimbo za kuvutia, spana ya kupima nguvu ya kukaza. Hakuna dereva wenu atakayekubali puli ya gari lake ipigwe nyundo. Hatusemi mtupe funguo za gereji. Tunasema tu kwamba mnajua tayari kazi hii inahitaji nini, kwa sababu mnailipia kila mwezi kwa magari yenu. Inakuwaje maarifa hayo yasivuke uzio hadi kwenye orodha ya manunuzi ya vijana?

Jibu tunalijua kwa sehemu. Sanduku linahesabika. Vijana arobaini, masanduku arobaini, sahihi arobaini, picha moja ya pamoja. Pula moja inayotumiwa na watu arobaini inaandikwa kwenye mstari gani? Nani anasaini? Tunaelewa kwamba afisa wa mradi naye ana mkubwa wake anayemuuliza maswali. Lakini kama fomu haina nafasi ya kitu cha pamoja, fomu ibadilishwe, chuma hakitabadilika kwa ajili ya fomu.

Tumesikia pia kwamba vitu vya pamoja vinaibwa, au vinakufa kwa sababu havina mwenyewe. Hili hatulikatai kwa maneno mepesi, tumeshaona mpira wa kikundi ukipotea na pampu yake. Lakini hapa hapa kambini wamama wanatunza fedha kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na daftari linasomwa mbele ya wote. Kama fedha taslimu inatunzika hivyo, pula ya kilo chache itashindikana? Iwekwe mahali pamoja, iandikwe kwenye daftari, anayeazima aache kitu cha thamani, alipe kidogo kwa siku ili bolti ikichoka inunuliwe nyingine. Akiirudisha, ikaguliwe meno mbele yake.

Wazee wenye gereji ndio mtihani mgumu zaidi. Wapo wenye pula, na hawaazimi. Mmoja tuliyemwendea alitukaribisha vizuri, akatupa viti, halafu akasema pula yake ni shamba lake, nani anaazimisha shamba wakati wa kulima? Tulitoka pale tumekasirika, ila njiani tukakubaliana kwamba mzee ana haki. Alivinunua mwenyewe, kimoja kimoja, hakuna mradi uliompa. Tukileta pula za bure kwa vijana tunamchukulia wateja. Kwa hiyo pendekezo letu ni kwamba wazee hawa wawe ndio watunzaji, walipwe kwa kila pula inayotoka, na kijana anayekuja kuazima mara ya kwanza aifanye kazi hiyo mbele ya mzee. Mzee anapata kitu, kijana anapata mwalimu ambaye amewahi kuvunja na kulipa. Sisi vijana tuache pia kumwita mtu wa zamani kwa sababu hana karatasi.

Na wapo waliotuambia, jitengenezeeni. Hao tunawasikiliza kuliko wote. Kampala, pale Katwe, watu wanatengeneza vifaa kutoka kwenye vyuma chakavu miaka yote, na soko la Kisekka lina vipuri ambavyo ukivitafuta kwa jina huvipati, ukivitafuta kwa kuonyesha kidole unavipata. Pula ya bamba kweli inatengenezeka hapa Base Camp kwa fundi wa kuchomelea mwenye drili nzuri. Tahadhari ni mbili. Bamba liwe nene, lisipinde, na matundu yake yapimwe kutoka kwenye habu yenyewe, si kwa macho. Na bolti isiwe ya bei rahisi: angalia kichwani iwe imeandikwa 8.8 au zaidi, hiyo ni alama ya ugumu wake. Bolti laini inanyooka kama mpira kabla habu haijaachia, na ikikatikia ndani ya habu, pole sana. Lakini pula ya pikipiki, yenye meno ya nje, huwezi kuitengeneza kwa drili na moto. Inahitaji mashine ya kukereza, na hiyo hatuna. Kwa hiyo "jitengenezeeni" inajibu nusu ya swali.

Tunachoomba ni kidogo. Kabla ya kununua masanduku mengine, ita watu watano: mwenye mashini mmoja, fundi wa boda mmoja, mzee wa gereji mmoja, na vijana wawili waliomaliza mwaka jana. Waulize swali moja tu, mwezi uliopita uliazima kifaa gani, na kwa nani. Andika majibu. Hiyo ndiyo orodha ya manunuzi. Na kwenye mtihani, mpe mwanafunzi injini inayowaka. Atoe flaiwili, airudishe, aiwashe, mwenye mashini awepo. Kuchora injini kwenye karatasi na kutaja sehemu kumi kunapima mkono wa kuandika.

Kwa upande wetu tumeshaanza na tulichonacho. Pula ya bamba ya S195 ipo, imetengenezwa hapa, bolti zake ni 8.8, imeshatoa flaiwili na ncha ya kranki ikabaki nzima. Inakaa kwenye kinyozi karibu na mahali pa kuchajia simu, Base Camp. Njoo na kitambulisho au simu uache, njoo na kitambaa cha kufutia, na uwe tayari kuonyesha kwamba unajua kuacha nati kwenye ncha. Usipojua utaonyeshwa, hakuna kucheka mtu. Mwenye injini ya aina nyingine apime kwanza umbali kati ya matundu ya habu yake, katikati kwa katikati, atuletee namba hiyo tuone kama bamba jingine linaweza kutobolewa. Za pikipiki bado hatuna. Mwenye kujua mtu wa kukereza Mbarara anayekubali kazi ndogo za pula moja moja, tuambie bei yake.